Chumvi ya Kisima cha Kuze

Kisima cha Kuze kimeingia chumvi.
Niliandika hivyo kwenye daftari la msikiti,
tarehe na saa, wino wa buluu,
na neno "kimeingia" likapita mtaani kama mwenyeji,
hakuna aliyeliuliza latoka wapi.

Bi Rukiya ndiye aliyeanza. Alichota kwa kata,
akasukutua, akatema kwenye jiwe.
"Ulimi wangu una miaka sabini na miwili," yuwasema,
"na haujanidanganya ila kwa chai ya harusi."
Tukamwamini. Ulimi ni shahidi wa karibu,
ingawa huyu alikula kabla ya kuja mahakamani:
asubuhi ile ilikuwa ng'onda wa papa.

Salha, wa chuo cha Tudor, hakutaka ulimi wa mtu.
Akachemsha lita moja kwenye sufuria ya mamake
mpaka maji yakaisha,
akakwangua ile nyeupe iliyobaki
akaipeleka kwa Taherali, kwenye mizani ya dhahabu.
Gramu mbili na nusu.
Mtaa mzima tukaishika namba ile kama mtoto mchanga,
kwa uangalifu, tusijue tuiweke wapi.
Mbili na nusu, kutoka ngapi?
Maji yalipokuwa matamu hakuna aliyepima.
Nani hupima asichokilalamikia?

Maalim Athmani husomesha mantiki baada ya alasiri,
wanafunzi watatu, na mmoja hulala.
Hakuja kisimani. Hakuonja.
Alikaa mkekani akapanga maneno kama apangaye mahamri kwenye sinia:
Kisiwa kimezungukwa na bahari.
Jiwe la matumbawe lina vitundu mpaka ndani.
Basi maji yake yatakuwa na chumvi.
"Kwa hivyo," akasema, "kinachohitaji sababu si chumvi."
Akafunga kitabu. Aliyesikia ni yule aliyelala.

Wengine tulitafuta kwa njia yetu ya siku zote:
nani amefanya nini?
Ikatajwa hoteli, likatajwa jicho baya, zikatajwa kura.
Ni njia nzuri hii, haichoki;
huanza na jibu, kisha hutembea usiku kucha
kulitafutia swali.

Ndipo akateremshwa Mwakio, Mtaita wa Wundanyi,
mtu wa futi tano na kamba ya futi sitini.
Sisi tulikuwa na maoni; yeye alikuwa na tochi.
Alikaa chini tangu adhuhuri hata alasiri,
akapanda na kucha nyeusi na habari isiyopendeza:
ukutani mna mkanda wa chumvi kongwe, mgumu kama gamba,
na juu yake ukoga wa kijani, wa juzi juzi, wa maji baridi.
Na upande wa barabara, tundu kavu.
Na nyuma ya tundu, bomba la manispaa
lenye kiraka kipya kinachong'aa.

Nikarudi kwenye daftari. Januari, tarehe tisa:
"Mafundi wamechimba mbele ya duka la Taherali.
Kelele."
Nilikuwa nimeandika kelele.

Bi Rukiya akanyamaza, kisha akakumbuka
kwamba mamake hakuwa akipikia maji haya.

Kumbe chumvi haikuingia. Ilirudi kwake.
Miaka yote hiyo tulikunywa mvujo,
tukauita baraka, tukautolea sadaka,
na mabibi harusi wangapi wameogeshwa kwa ufa wa bomba.
Tulikuwa tukimuuliza mgeni amekuja kufanya nini,
na aliyeondoka ndiye aliyekuwa mgeni.

Ningeishia hapo ningeonekana mwenye hekima.
Lakini Salha akasema, "Bado hatujui. Tunaamini vizuri tu.
Kujua, ni bomba lipasuke tena, maji yaonjwe."
Maalim akacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani.
Bi Rukiya hakucheka. Alitazama upande wa duka la Taherali
kwa utulivu wa mtu anayehesabu hatua.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilisikia chuma kikigonga chuma,
mara tatu, kikanyamaza.
Siku tano baadaye, alfajiri, nikatawadha kisimani.
Maji yaligusa mdomo na...
Daftari lilikuwa kwapani, kalamu sikioni.
Nikaandika tarehe. Nikaandika: "Wote wazima."